Kiwango cha mauaji cha jiji: kinavyopimwa na kwa nini hushuka

Kiwango cha mauaji ni idadi ya watu waliouawa kwa makusudi na kinyume cha sheria katika mwaka mmoja, kwa kila wakazi 100,000 wa eneo fulani. Wanaokufa vitani hawahesabiwi humo, wala wanaogongwa na magari. Hesabu ya kila wakazi 100,000 ndiyo inayowezesha Tanga kulinganishwa na Dar es Salaam au New York, kwa kuwa idadi peke yake hupotosha: mauaji 20 katika mji wa watu 50,000 ni balaa, ilhali mauaji 20 katika jiji la watu milioni 5 ni utulivu wa nadra. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 458,000 waliuawa duniani kote, sawa na 5.8 kwa kila 100,000.

Kiwango kikishuka, kila mtu huwa na maelezo yake tayari. Polisi husema ni doria, wanasiasa husema ni maendeleo, wazee husema vijana wamerudi msikitini na kanisani. Kabla ya kumpa yeyote kati yao sifa hiyo, ni lazima kwanza tujue kama kuna kilichoshuka kweli.

Katika jiji la ukubwa wa Tanga swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Sensa ya 2022 ilihesabu hapa wakazi 393,000 na ushei, maana yake ni kwamba kila mauaji manne yanapandisha kiwango cha jiji zima kwa takriban 1. Mwishoni mwa Mei 2016, watu 8 waliuawa katika usiku mmoja huko Kibatini, kata ya Mzizima. Ukichukua idadi ya wakazi ya sensa ya 2012, ambayo ilikuwa kama 273,000, usiku ule peke yake uliongeza karibu 3 kwenye kiwango cha mwaka. Mwaka unaofuata tukio kama hilo utaonyesha nafuu kubwa hata kama hakuna polisi aliyeongezwa, hakuna taa ya barabarani iliyowashwa na hakuna kijana aliyepata kazi, kwa sababu tu msiba wa aina ile haujirudii kila mwaka. Kwa hiyo mimi siamini taarifa yoyote ya kupungua kwa mauaji katika jiji kama letu inayolinganisha mwaka huu na mwaka jana tu. Wastani wa miaka mitano dhidi ya mitano iliyotangulia ndio unaosema jambo la kusikilizwa, na hata huo unahitaji idadi ya wakazi iliyo sahihi, maana jiji linalokua haraka na kuendelea kupimwa kwa sensa ya zamani huonekana la hatari kuliko lilivyo.

Pia kuna namna ya kuandika vifo. Kanuni ya Adhabu inatofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na kifo cha mtu aliyeokotwa ufukweni kinaweza kubaki kwenye jalada kama kifo chenye utata bila kuhamia popote. Pamoja na hayo, mauaji ndiyo kosa ambalo watafiti huliamini zaidi. Simu iliyoibwa soko la Mgandini huenda isiripotiwe kamwe, lakini maiti ni vigumu kuifumbia macho.

Tukisharidhika kwamba kushuka ni kwa kweli, sababu ya kwanza ya kuchunguzwa iko mahali ambapo watu wachache hupatazama, nako ni hospitalini. Kinachotenganisha mauaji na shambulio la kudhuru mwili mara nyingi ni saa moja au mbili. Chukua kijana aliyechomwa kisu tumboni usiku katika mojawapo ya barabara za Ngamiani. Zamani wenzake wangehangaika kumtafutia gari huku damu ikimwishia. Leo anapakiwa kwenye bajaji, anafikishwa hospitali ya Bombo kwa dakika chache, na akikuta daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi na damu ya kundi lake, anapona. PF3 yake, yaani fomu ya polisi ya matibabu, inamtaja kama majeruhi, jalada la polisi linafunguliwa kwa kosa la kujaribu kuua au kujeruhi, na katika hesabu ya mauaji hayumo. Mkono uliomchoma ni uleule, kisu ni kilekile, na hasira ni ileile. Mwaka 2002 mtafiti Anthony Harris na wenzake walikadiria kuwa, bila maendeleo ya tiba ya dharura yaliyopatikana Marekani tangu 1960, nchi hiyo ingekuwa na mauaji kati ya 45,000 na 70,000 kwa mwaka badala ya 15,000 hadi 20,000 yaliyokuwa yakitokea miaka ile. Kwa sababu hii, anayetaka kujua kama jiji limekuwa la amani aangalie mauaji na majeraha makubwa kwa pamoja. Vyote viwili vikishuka, ukatili umepungua. Mauaji yakishuka huku waliojeruhiwa kwa visu na mapanga wakibaki palepale, kilichobadilika ni uwezo wa kuokoa maisha. Hilo nalo ni jema sana, ila ni jema la aina nyingine na halitokani na doria.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni New York, iliyokuwa na mauaji zaidi ya 2,200 mwaka 1990 na chini ya 300 mwaka 2017. Maelezo yaliyotolewa ni mengi: mfumo wa Compstat ulioanza 1994, ambao uliwalazimu wakuu wa polisi kujibu mbele ya wakubwa wao kwa takwimu za maeneo yao, ongezeko la askari, magereza kujaa, kufifia kwa biashara ya kokeini ya kuvuta, uchumi kuimarika, hata kuondolewa kwa madini ya risasi kwenye petroli, kwa hoja kwamba sumu hiyo huharibu ubongo wa mtoto na kumfanya akue kuwa mtu mzima asiyeweza kujizuia. Ugumu ni kwamba miji mingine ya Marekani ambayo haikufuata mbinu za New York nayo ilipata nafuu katika miaka hiyo ya 1990, na Kanada pia ilipata nafuu bila kujaza magereza kwa kiasi kile. Maelezo yanayotegemea sera ya meya mmoja yanashindwa kujibu kwa nini jirani asiye na meya huyo alipona vilevile. Ile hoja ya petroli, kwa upande wake, inatuhusu moja kwa moja: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye madini hayo ifikapo mwaka 2006, hivyo watoto waliozaliwa baada ya hapo ndio wanaoingia sasa katika umri ambao vijana wa kiume huua na kuuawa zaidi. Ni dhana tu, lakini ni dhana inayoweza kupimwa hapa.

Mfano unaotufaa zaidi watu wa Tanga uko Diadema, karibu na São Paulo nchini Brazil, mji ambao wakazi wake wakati huo walikuwa kama 360,000, yaani karibu sawa na sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwango chake kilipita 100 kwa kila 100,000, na mauaji mengi yalitokea usiku, ndani au jirani ya baa. Julai 2002 baa zililazimishwa kufunga saa tano usiku. Watafiti waliofuatilia walikadiria kuwa sheria hiyo iliepusha karibu mauaji 9 kila mwezi. Hata hivyo mauaji yalikuwa yameanza kushuka katika jimbo zima la São Paulo kabla ya sheria hiyo, na mwaka 2003 Brazil ikapitisha sheria kali ya silaha. Wapo pia wanaosema kuwa nafuu ya jimbo ilitokana na genge moja, PCC, kuwatiisha wapinzani wake na kukataza watu kuuana bila idhini yake.

Sababu hii ya mwisho ni ya kuhofiwa, kwa sababu takwimu haziwezi kuitofautisha na amani. El Salvador mwaka 2012 makundi ya wahalifu yalifanya suluhu, mauaji yakapungua karibu nusu, kisha suluhu ikavunjika na mwaka 2015 kiwango kikapita 100.

Nini basi kingeweza kushusha mauaji katika jiji letu? Bunduki si silaha ya kawaida hapa. Ugomvi wa kwetu humalizwa kwa panga, kisu au rungu, kwa hiyo somo la sheria ya silaha lina uzito mdogo kuliko somo la saa za kufunga vilabu vya pombe. Mauaji ya wananchi wenye hasira kali yana njia yake: hupungua pale watu wanapoamini kwamba mwizi wakimpeleka kituoni hataonekana mtaani kesho yake, na hapo ndipo polisi kata na ulinzi shirikishi vinapokuwa na kazi kubwa kuliko idadi ya askari. Migogoro ya mirathi na mashamba pembezoni mwa jiji hutegemea kasi ya mabaraza na mahakama.

Yapo mauaji ambayo hakuna kati ya hayo yote yanayoyafikia sawasawa. Katika hesabu ya dunia ya 2021, wanaume walikuwa takriban wanane kati ya kila kumi waliouawa, lakini zaidi ya nusu ya wanawake waliouawa waliuawa na wenza wao au watu wa familia zao. Taa za barabarani hazimlindi mwanamke aliyefungiwa ndani na anayemtishia, na jiji linaweza kusherehekea kushuka kwa mauaji ya mitaani huku ya majumbani yakibaki vilevile, yakiwa yamefichwa na namba moja ya jumla. Mauaji haya hutanguliwa na dalili: kipigo kilichoripotiwa na kusuluhishwa kifamilia, vitisho vilivyosikiwa na majirani, mke aliyekimbilia kwao akarudishwa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo mahali dalili hizo zinapoweza kuandikwa mapema, na takwimu za jiji zinapaswa kuyatenga mauaji ya majumbani na mengine, ili yahesabiwe kwa jina lake na kuulizwa kwa nini hayashuki.