Uzalendo katika filamu za China haukusubiri 1949

Wengi huamini kwamba filamu za kizalendo China zilianza Wakomunisti waliposhika madaraka mwaka 1949, na kwamba filamu bubu za awali zilikuwa za mapenzi na mapigano ya panga tu. Sivyo. Japani iliivamia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, Septemba 1931, na Januari 1932 ikaishambulia Shanghai, kitovu cha utengenezaji wa filamu nchini humo. Waongozaji hawakunyamaza.

Chukua Xiao Wanyi ya 1933, iliyoongozwa na Sun Yu katika kampuni binafsi ya Lianhua. Ruan Lingyu anaigiza mama wa kijijini anayetengeneza vitu vya kuchezea watoto. Vita inamwua binti yake. Mwishoni, wakati wa mwaka mpya, anasikia fataki mjini Shanghai, anadhani adui amefika, na anawasihi watu wainuke wapigane. Sauti yake haisikiki hata kidogo, ila macho yale humshika mtazamaji hadi leo. Kwangu, ni miongoni mwa matukio makubwa kabisa ya filamu bubu.

Kilichowapotosha wengi ni udhibiti. Serikali ya China ya wakati huo, iliyokuwa na makao Nanjing, haikutaka kuichokoza Japani, hivyo filamu hazikuruhusiwa kuitaja. Katika Dalu, filamu nyingine ya Sun Yu, vijana wanajenga barabara ya jeshi mpaka ndege ya kivita inawamiminia risasi. Adui hatajwi jina, lakini watazamaji wa Shanghai, waliokwisha kushambuliwa, walimjua vizuri sana.