Protini za Mwendo na Kazi Yake Ndani ya Mirija ya Figo

Mtu aliyeshinda juani Kariakoo mwezi wa Februari, kwa joto na unyevunyevu tunaoujua wakazi wa Dar es Salaam, huona jioni kwamba mkojo wake ni mchache na umekolea rangi. Akinywa maji ya kutosha, muda si mrefu mkojo unaongezeka na kuwa mweupe. Wengi hudhani kwamba figo huchuja tu, kwamba maji yakiingia machache basi hutoka machache. Sivyo. Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, na kwa kawaida zaidi ya asilimia 98 ya majimaji hayo hurudishwa mwilini na seli za mirija ya figo. Wingi wa mkojo huamuliwa hasa na urejeshaji huo, nao hutegemea protini ambazo kazi yake ni kubeba mizigo kutoka sehemu moja ya seli hadi nyingine.

Protini hizo zina koo tatu: kinesini, dainini na miosini, na zote hujiendesha kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Kinesini, ambayo ilitambuliwa mwaka 1985 katika uchunguzi wa neva za ngisi, ina vichwa viwili vinavyopokezana kushika uzi uitwao mikrotubuli, na kila hatua yake ni nanometa 8 kwa gharama ya molekuli moja ya ATP. Kila uzi una ncha mbili, chanya na hasi, na kinesini kwa kawaida huelekea ncha chanya. Dainini hutumia nyuzi hizohizo lakini huelekea upande wa pili, kwenye ncha hasi, wakati miosini hutembea juu ya nyuzi nyembamba za aktini. Katika seli nyingi za mwili dainini huvuta mizigo kuelekea katikati, karibu na kiini. Katika seli za mirija ya figo nyuzi zimepangwa vingine: ncha zake hasi zimeelekea upande unakopita mkojo na ncha chanya zimeelekea upande wa damu, hivyo dainini ileile hapa hupeleka mizigo ukingoni, upande wa mkojo.

Mpangilio huo ndio unaomfaa mtu wetu wa Kariakoo. Damu yake inapokolea kwa kukosa maji, tezi ya pituitari humwaga homoni ya vasopresini, nayo hunasa kwenye kipokezi kiitwacho V2 upande wa damu wa seli za mirija ya mwisho, ile inayokusanya mkojo. Ndani ya seli hizo vimo vifuko vidogo vilivyokwisha kuandaliwa, na katika utando wa vifuko hivyo zimepachikwa protini za akwaporini-2, ambazo ni vipenyo vya maji. (Ugunduzi wa akwaporini ulimpatia Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.) Ishara ya vasopresini husababisha akwaporini-2 kuwekewa alama ya fosfati, na vifuko vikaanza safari: dainini huvipeleka kwenye mikrotubuli hadi karibu na ukingo, kisha miosini ya aina ya Vb hushiriki katika hatua ya mwisho, penye msongamano wa aktini. Vifuko vikiungana na utando wa nje, maji hupenya kutoka kwenye mkojo na kurudi kwenye damu. Yote haya huchukua dakika tu, kwa sababu vipenyo vilikuwapo tayari na kilichohitajika ni kuvihamisha. Mtu akinywa maji, vasopresini hupungua na vipenyo hurudishwa ndani ya seli.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kitu hupitia njia moja. Majaribio ya miaka ya 1970 kwenye kibofu cha chura yalionyesha kwamba kolkisini, dawa ya jongo inayovunja mikrotubuli, hupunguza mwitikio wa vasopresini bila kuukomesha kabisa. Vilevile, si kila mkojo mwingi ni kosa la wabebaji. Litiamu, dawa ya ugonjwa wa akili wenye vipindi vya msisimko na huzuni, hupunguza akwaporini-2 yenyewe. Wabebaji wapo, mzigo haupo.

Katika mirija ya mwanzo, iliyo jirani na kichujio, kazi ni kuokoa protini ndogo zilizopenya. Kipokezi cha megalini huzinasa, na miosini ya VI, ambayo kinyume na miosini nyingine hutembea kuelekea ncha hasi ya aktini, husaidia kuvuta vifuko vyake ndani ya seli. Panya wasio na miosini hii huvujisha protini kwenye mkojo. Jentamaisini, antibiotiki ya sindano inayotumika sana hospitalini, huingia kwa megalini hiyohiyo na kulimbikizana ndani ya seli hadi kuweza kuzidhuru, ndiyo maana daktari huagiza kipimo cha kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Mgonjwa asikione kuwa ni usumbufu. Sijui niseme nini tena kuhusu chupa za “kusafisha figo” zinazotembezwa vituo vya daladala, ila kwamba seli hizi si bomba la kusuguliwa.

Madhara makubwa zaidi ya kukosekana kwa wabebaji huonekana kwenye kinywele kimoja kinachochomoza katika seli nyingi za mirija na kuhisi mtiririko wa mkojo. Kinesini ya kundi la pili hupeleka vifaa vya ujenzi hadi nchani, dainini hurudisha. Mwaka 2003 watafiti waliiondoa sehemu ya kinesini hiyo, KIF3A, kwenye mirija ya figo za panya. Vinywele vikakosekana, na figo zikajaa uvimbe wenye maji. Kwa binadamu, ugonjwa wa kurithi wa figo zenye uvimbe mwingi hutokana zaidi na hitilafu za jeni za PKD1 na PKD2, ambazo protini zake hukaa kwenye kinywele hichohicho. Dawa ya tolvaptani hupunguza kasi ya uvimbe kukua kwa kuziba kipokezi cha V2. Kwa kuwa akwaporini-2 hubaki ndani, mgonjwa hukojoa sana mchana na usiku, na katika joto la jiji hili lazima anywe maji mfululizo, huku ini lake likipimwa mara kwa mara kwa sababu dawa hii inaweza kulidhuru.