Jino huanza kuota lini?

Mtoto wa miezi 6 akichomoza kijino cha kwanza, watu husema ameanza kuota meno. Kazi yenyewe ilianza zamani, yuko tumboni. Mimba ikiwa na wiki 6 hivi, ngozi laini inayofunika taya changa hujikunja kuelekea ndani, na kwenye mkunjo huo hutokea vichipukizi vya meno. Kichipukizi hujenga kwanza taji, sehemu itakayoonekana mdomoni, halafu mzizi. Ndani ya taji kuna dentini, tishu ngumu inayofanana na mfupa, na juu yake enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu chochote mwilini. Seli zinazojenga enameli hazibaki jino likishatoka, ndiyo maana jino likitoboka halijizibi lenyewe.

Dosari ya wakati wa ujenzi nayo haifutiki. Watu wengi waliokulia Arusha na Meru wana meno ya kahawia kwa sababu maji ya huko yana madini ya floraidi kwa wingi, na waliyanywa enameli ikiwa bado inajengwa ndani ya taya. Anayehamia huko ukubwani hapati madoa hayo.

Mzizi ukiendelea kukua, mfupa ulio juu ya jino huyeyuka taratibu na kulipa njia. Kwa kawaida hutangulia mawili ya mbele ya chini, kisha ya juu. Chonge huchelewa hadi mtoto akaribie mwaka na nusu au zaidi, na akifika miaka 3 hivi meno yote 20 ya utotoni yametimia.

Chonge hizo ndizo zinazoponza watoto. Miezi mingi kabla hazijatoka huinua ufizi, ukaonekana umevimba na kuwa mweupe. Mtoto akiwa anaharisha na ana homa, mtu akipapasa pale atasema ni "meno ya plastiki", yang'olewe. Kinachochimbuliwa ni chonge changa tu, laini kwa kuwa haijakomaa. Kuharisha kuna sababu nyingine: umri huo mtoto ameanza kula, anatambaa, na kila anachookota anakitia mdomoni. Kumchimba kwa kisu au spoku ya baiskeli huleta kuvuja damu na maambukizi, na wapo waliokufa. Hata akipona, kichipukizi cha chonge ya kudumu kiko papo hapo, nacho huumia.

Meno ya kudumu ni 32, ukihesabu na magego ya mwisho, ambayo wengine hawayaoti kabisa. Jino la kudumu linapopanda, mzizi wa lile la utotoni huliwa polepole, ndiyo maana linalong'oka huonekana kama limekatwa chini. Gego la kwanza la kudumu, hata hivyo, halimng'oi mwenzake. Huota nyuma ya mengine yote, mtoto akiwa na miaka 6 hivi, bila pengo lolote kutangulia, na wazazi wengi hulidhani la utotoni. Likianza kutoboka wanasubiri ling'oke liote jingine, na jingine halipo.