Uongozi wa chama cha wafanyakazi si tiketi ya viti maalum

Kwenye mashamba ya maua ya Usa River, na viwandani Moshi pia, utasikia watu wakisema: mama akishika uongozi wa chama cha wafanyakazi, Rais humteua ubunge wa viti maalum, yaani viti vya wanawake bungeni. Hapo njia mbili zimechanganywa.

Uongozi wa kazini unatokana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Penye wanachama zaidi ya 100, tawi lina wawakilishi 15, na angalau 5 kati yao wawakilishe wanawake. Wakiwa 21 hadi 100, wawakilishi ni 10, na hapo sheria haikuwatengea wanawake idadi yoyote. Pengo la sheria ndilo hilo.

Bungeni ni habari nyingine. Rais huteua wabunge wasiozidi 10 tu. Viti maalum hugawiwa vyama vya siasa vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kwa uwiano wa kura hizo, na chama chenyewe ndicho hupeleka majina Tume ya Uchaguzi. Chama kinaweza kutenga nafasi kwa kundi la wafanyakazi (labda ndiko uvumi ulikoanzia), ila hiyo ni hiari yake. Asiye na kadi ya chama hicho, hata awe amejadili na waajiri mikataba ya hali bora za kazi miaka 20, jina lake haliingii. Na kwa mujibu wa Katiba, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake cha siasa hupoteza kiti. Akijitoa chama cha wafanyakazi, kiti kiko palepale.