Ndizi si chakula cha asili cha kima

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tumekua tukiamini kwamba kumpa kima ndizi ni kumtendea wema, na imani hiyo huwafuata hata wanaopeleka zawadi kwenye vituo vya wanyama waliookolewa. Ndizi ya sokoni, hata hivyo, imechaguliwa na wakulima kwa vizazi vingi ili iwe tamu, hivyo ina sukari nyingi na nyuzinyuzi chache kuliko matunda ya msituni. Mwaka 2014, bustani ya wanyama ya Paignton, Uingereza, iliwaondolea kima wake ndizi. Kwa mbega hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa tumbo lake lenye vyumba kadhaa huchachusha majani, na sukari huvuruga vijidudu vinavyofanya kazi hiyo. Nawasihi, kabla ya kununua mkungu, waulizeni watunzaji.