Kutoa programu mara kwa mara si kucheza na moto

Hapa Goma bado nasikia: "Tungoje miezi sita, tuwape wateja mabadiliko yote ya programu kwa mpigo, ndiyo usalama." Sivyo. Ukibadilisha mistari 20 ya msimbo (maandishi yanayounda programu) na programu ikakwama, kosa limo humo humo. Ukibadilisha 10,000, utakesha ukilisaka, na umeme wetu unavyojulikana! Mwaka 2009 wahandisi wa Flickr, tovuti ya kushirikishana picha, walieleza hadharani kwamba walikuwa wakitoa mabadiliko zaidi ya mara 10 kwa siku. Si uzembe. Kipengele kipya huwekwa nyuma ya swichi ndani ya programu: kikisumbua, unakizima papo hapo, wateja wanaendelea kama kawaida. Kinachotaka subira ni kubadili muundo wa hifadhidata. Safu ya jedwali pamoja na data yake ukishaifuta, swichi haiirudishi.