DOCG haimaanishi divai bora kuliko zote

Wengi wanaotafuta mgahawa wa Kiitaliano kwa mlo wa saa tano asubuhi, Jumapili, huanzia kwenye orodha ya divai. Ikijaa herufi DOCG, alama ya daraja la juu kisheria la divai za Italia, mahali panahesabiwa pazuri; zenye IGT, alama yenye kanuni legevu zaidi, huonekana za daraja la chini. Inaeleweka, maana herufi hizo zimepangwa kama ngazi.

Ila DOCG kimsingi ni kanuni za asili: eneo, aina ya zabibu, muda wa kukomaa. Divai huonjwa kabla ya kuuzwa, kweli, lakini huangaliwa kama inafuata kanuni. Sassicaia, divai nyekundu maarufu ya Toscana, miaka ya 1970 iliuzwa kama divai ya mezani tu, yaani daraja la chini kabisa, kwa kuwa huko hakukuwa na kanuni zilizoikubali divai yake ya zabibu za Cabernet. IGT ilikuja 1992, na hadi leo ina chupa za bei kali.

Kwenye orodha tafuta jina la mtengenezaji na mwaka wa mavuno. Ukiagiza glasi, uliza chupa ilifunguliwa lini. Na kwa mayai, mimi naona Lambrusco baridi, divai nyepesi ya mapovu, inaishinda Barolo, divai nyekundu ya DOCG inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea.